Kinyumenyume Mbele za Watu

Jumatatu, 8 Septemba

Hasira tupu leo. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Editha kabla ya ndoa, imekaa sebuleni kwangu, kwenye makochi niliyoyatengeneza mie kwa mikono yangu, ikaamua kwamba Jumamosi ataingizwa ukumbini na mjomba wake. Yaani Gaspar! Kaka wa mke wangu, karani, mtu asiyeweza kupiga msumari ukaingia.

Sababu? Ukumbi. Zamani ulikuwa godauni. Ukivuka mlango hakuna ngazi, kuna mteremko wa zege wa kushushia magunia, unakwenda mpaka katikati ya meza za wageni. Na mie toka mwezi wa tatu, kabati la mninga liliponiangukia, miguu haina kazi. Natembelea kiti cha magurudumu. Kabati lenyewe nililitengeneza mwenyewe. Imara mno. Halikupata hata mkwaruzo, shenzi kabisa.

Gaspar akasafisha koo. Akasema kwetu Masasi mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikamwuliza amekumbuka Masasi lini, mtu aliyekaa Ukonga miaka ishirini na hajui hata kaburi la babu yake liko upande gani. Mke wangu Eufrazia akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Sikusikia kitu. Nikaendelea, nikamtukana na suti yake.

Mwisho wamenipa nafasi moja. Alhamisi kuna mazoezi ukumbini. Nikishuka salama, nitamwingiza mwanangu mie. Nikishindwa, Gaspar.

Nitashuka!

Jumanne, 9 Septemba

Amekuja Sekela, yule binti wa mazoezi ya viungo wa hospitali. Umri wa Editha. Shikamoo anatoa vizuri, halafu anaanza kuamrisha.

Amekikagua kiti kama trafiki. Matairi hayana upepo. Kweli, toka nipewe sijajaza. Vigurudumu vya mbele vimejaa nywele na nyuzi. Nati zimelegea. Akanikaripia kwa adabu, kwamba fundi mzima nashindwaje kushika spana. Akasema tone la mafuta kwenye beringi tu, nisithubutu kugusisha breki wala matairi. Na vile viguu viwili vya chuma vya nyuma, vinavyozuia kiti kisibinuke, visitoke kamwe. Na nijinyanyue kila nusu saa nisipate vidonda vya makalio. Makalio yangu! Mbele ya mke wangu na jirani!

Nikamwuliza habari ya mteremko. Akasema mteremko mkali kwa mtu kama mie unashukwa kinyumenyume. Kiti kinageuzwa, mtu mwenye nguvu anashika mishikio kwa upande wa chini, mnashuka taratibu.

Nikamwuliza kama anaelewa anachosema. Baba mwenye binti aingie ukumbini kisogo kikitangulia? Wageni mia tatu? Na huyo mwenye nguvu ni nani? Eufrazia akadakia: Gaspar. Kwa hiyo wataona kwanza makalio ya Gaspar, halafu kisogo changu, halafu ndipo mwanangu. Khaa!

Nikaitikia yote. Sekela akafurahi. Mie nilikuwa nawaza jambo lingine.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango umekamilika. Sijui kwa nini watu wanasoma mpaka chuo.

Nimepelekwa Keko asubuhi, kwenye kibanda chetu cha useremala. Jabiri, fundi mwenzangu, kanisaidia. Tumekivalisha kiti velveti ya rangi ya zabibu, mgongo mrefu wa sponji na vifungo ishirini na vinne, mikono ya mviringo. Kochi la kifalme. Viguu vya nyuma vilizuia velveti isilale vizuri, nikavifungua. Nyuma ya mgongo tutafunga kamba ya kufungia makochi kwenye lori la Kenta. Jabiri atabaki juu mlangoni akiiachia kidogo kidogo, mie nashuka uso mbele, natabasamu, napunga mkono. Jabiri aliuliza kama mgongo wa kochi utahimili. Nikamwambia nimeupiga pini mwenyewe, vile vichuma vya kubania kitambaa. Akaendelea kukunja kamba.

Kiti kilikuwa kinalia. Nikakipaka mafuta ya kula. Kila mahali, nisibague.

Saa kumi nimerudi nyumbani. Nikaegesha barazani, nikafunga breki zote mbili kama nilivyofundishwa, nikanyoosha mkono kuchukua chai. Kiti kikaondoka. Kikavuka uwanja kimya kabisa, hakilii tena, nikaingia kwenye beseni la unga wa maandazi la Mama Demetria, jirani yetu. Unga mpaka kwapani. Mama wa watu alianza na pole. Pole ilipokwisha akasema mengine yote.

Nimekasirika sana na Sekela. Breki nilifunga! Zote mbili!

Alhamisi, 11 Septemba

Siandiki mengi.

Kamati yote ilikuwepo. Editha alisimama pembeni yangu juu mlangoni, amenishika bega. Gaspar alikuwa chini, mikono mfukoni, anasubiri. Jabiri akakaza kamba. Nikasema twende.

Hatua ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikaanza kupunga mkono. Ndipo nikasikia nyuma yangu pini zinafumuka, moja moja, halafu zote kwa pamoja. Mgongo ukabaki juu na Jabiri, na kamba, na vifungo ishirini na vinne. Mie nikaenda. Nikavuta breki, nazo zikateleza na mafuta yake. Nikashika matairi kwa viganja, vikachubuka vyote viwili. Mbele yangu nguzo ya zege.

Gaspar aliingia katikati. Alikidaka kiti kwa mwili wake, mimi na yeye tukaanguka chini, velveti juu yetu. Muundi wake umechanika. Suti imechanika. Hakunitukana. Aliniuliza, akiwa bado chini, kama nimeumia kichwa. Kama angenitukana ingekuwa afadhali!

Editha alikuwa amekaa kwenye mteremko, kiatu kimoja mkononi, analia. Kilio cha mtu aliyeona baba yake anakufa.

Kamati haikukaa hata dakika. Gaspar.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikutoka chumbani. Nilimlaani Jabiri, pini, aliyejenga godauni, mninga na aliyeupanda. Eufrazia alileta ugali akaurudisha.

Jioni Editha akaja, akakaa kitandani. Nilimwambia aende zake, ataingia na mjomba, mjomba ana miguu. Hakuondoka. Akavishika viganja vyangu vyenye bendeji.

"Baba, mimi siingii na mjomba," alisema. "Ukikataa kushuka kinyumenyume, naingia peke yangu, na watu wote wataniuliza baba yuko wapi. Nitawajibu nini?"

Nilimwambia ukweli, sijawahi kumwambia mtu: naona aibu. Sitaki waseme baba yake kaingizwa kama mzigo wa godauni.

Akasema kashamwita Sekela. Mlango haukufungwa vizuri, nikawasikia barazani wanafuta mafuta kwenye breki kwa sabuni na kitambaa, wanarudisha viguu, wanajaza upepo kwa pampu ya baiskeli ya jirani. Mke wangu alikuwa anawamulikia kwa simu. Wanawake watatu wanatengeneza, na mie fundi nimelala. Nikapiga kelele kwamba nati ya kushoto inakazwa kwa spana namba kumi na tatu. Wakasema wanajua.

Jumapili, 14 Septemba

Ya jana.

Kiti kitupu, cha hospitali, hakina hata uzi wa velveti. Suti yangu ya harusi ya mwaka tisini na sita. Juu mlangoni Sekela akakagua mara ya mwisho: breki, viguu, mkanda kiunoni, miguu kwenye vikanyagio. Gaspar akapita upande wa chini, anachechemea, akashika mishikio. Akaninong'oneza kwamba ataenda kwa mwendo wangu, niseme tu. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye pumzi.

Mshereheshaji, Brightson mmoja mwenye koti la kung'aa, akatangaza baba na binti. Muziki ukapigwa. Kiti kikageuzwa. Nikafumba macho. Nikasema twende.

Halafu mikono ikashika mikono yangu. Nikafumbua.

Editha alikuwa mbele yangu. Sio pembeni, mbele! Mie narudi nyuma, yeye ananifuata, uso kwa uso, hatua kwa hatua, gauni likiburuza sakafuni. Nilikuwa sijafikiria kwamba ukishuka kinyumenyume unamwona anayekufuata. Angetembea pembeni nisingemwona hata kidogo.

Na nikakumbuka. Miezi kumi na moja alikuwa nayo, pale Keko, maranda mpaka magotini. Mie nimeinama narudi nyuma, nimemshika mikono yote miwili, yeye anakuja. Ndivyo nilivyomfundisha kutembea. Hakuna aliyejali kisogo cha mtu siku ile.

"Taratibu, baba," akasema. "Nakuja."

Nililia, mbele ya wageni mia tatu. Sikuona aibu. Nilisikia ukumbi umesimama, viti vinasogezwa, vigelegele vya kina mama wa Masasi, na Gaspar nyuma yangu anavuta kamasi. Tulifika chini salama. Editha akanibusu kipaji cha uso. Sekela akafunga breki mwenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba

Hasira zimerudi.

Video zimesambaa kwenye magrupu ya familia yote. Na wanamsifu nani? Gaspar! Mjomba kajitolea, mjomba na mguu mbovu, mjomba ana moyo. Kuna shangazi kaandika kwamba Gaspar ndiye aliyebuni ule mtindo. Kabuni nini? Mtindo ni wa kwangu! Nimemjibu shangazi. Ametoka kwenye grupu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ndoa ni wiki ijayo, kanisani. Mbele kuna ngazi nne. Sekela kapiga simu asubuhi, anasema watu wawili waliofundishwa watakipandisha kiti, mmoja juu, mmoja chini, na wa chini awe Gaspar kwa sababu kashazoea. Nikaitikia. Nikamshukuru.

Kisha nikampigia Jabiri. Jirani yetu pale Keko ni gereji, wana winchi ya kunyanyulia injini za malori. Nimemwambia aje nayo Ijumaa, na mnyororo, na aulize kama paa la kanisa lina boriti ya mninga ya kuitundika. Viguu vya nyuma nimeshavifungua, vitagonga ngazi. Mara hii situmii pini, natumia misumari.