Kisanduku cha Mtegemezi

Jumatatu, 4 Machi

Hafla ya kumuaga Mwalimu wa Jiografia, ukumbini, saa nane mchana. Mshereheshaji: mimi, makamu mkuu wa shule, kama ilivyo kwa kila jambo linalohitaji lugha. Nilizungumza dakika arobaini na tano juu ya wajibu wa msomi kubaki kwao. Hadhira ilitulia mno, wawili walisinzia. Kisha muagwa akasimama na kusema, kwa sentensi tatu, kwamba mkewe mfamasia ndiye aliyepata kazi ng'ambo, kibali ni cha mkewe, na yeye ni mzigo wa mkononi tu. Ukumbi ukaangua kicheko. Alipigiwa makofi marefu kuliko yangu.

Mwanamume mzima. Mzigo wa mkononi. Na bado ndiye anayeondoka, nami ndiye niliyebaki kukusanya vipaza sauti.

Nimekata kauli. Nasi tutahama. Mke wangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na wauguzi wa aina yake wanasakwa huko kwa tochi. Ila sitamwomba. Yeye ataniomba, nami nitaridhia baada ya kutafakari kwa kina. Hivyo ndivyo kiongozi wa familia anavyohama.

Alhamisi, 7 Machi

Hatua ya kwanza: gazeti lenye tangazo la kazi za wauguzi ng'ambo. Jumanne niliacha ukurasa huo chini ya kopo la sukari. Jumatano juu ya pasi. Leo asubuhi ndani ya kiatu chake cha kazini. Mke wangu ameufungia vitunguu.

Nikauokoa, nikaunyoosha, nikauegemeza kwenye kioo cha bafuni. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu magoti yalipomshinda, alitoka huko akaniambia kwa upole kwamba gazeti hilo limehama mara nne wiki hii, ilhali mimi mwenyewe bado niko pale pale. Nilijibu kwamba sijui analozungumzia. Akasema, haya, mkwe wangu, hujui.

Nilimeza mate machungu kwa heshima zote.

Jumapili, 17 Machi

Ushindi.

Mke wangu alirudi kutoka zamu saa nne asubuhi, akaketi kwenye ngazi ya jikoni na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hulikataza kwa kila mtu. Umeme ulikatika katikati ya upasuaji, mara ya tatu mwezi huu. Jenereta halikuwaka. Walimulika kwa simu. Mama aliyekuwa mezani alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuamka. Mke wangu ndiye aliyetumwa koridoni kumweleza mume wake.

Kisha akaniambia nimletee lile gazeti langu.

Nilifurahi, halafu nikakumbuka kuonyesha huzuni. Nikamuuliza kwa sauti nzito kama ana hakika kwamba wazo hili ni lake. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akasema ndiyo, Mwalimu, liwe langu. Nilimsihi alirudie mbele ya mama yake, kwa ajili ya kumbukumbu. Akalirudia.

Kikwazo kimoja tu alikitaja: Mama nitamwachia nani? Nilimwomba anipe nafasi ya kulijibu hilo kwa mapana yake. Nilipofika hoja ya tatu alikuwa amelala, kichwa ukutani, viatu bado miguuni.

Jumamosi, 23 Machi

Fomu zimefika. Amenikabidhi nizijaze, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mwandiko. Yeye ameweka saini mwishoni, akaenda kazini.

Ukurasa wa kwanza, Mwombaji Mkuu: yeye. Hilo nilishajiandaa nalo kisaikolojia. Ukurasa wa pili, Watoto: binti yetu, miaka tisa. Nikajaza bila shida. Ukurasa wa tatu, Mwenza. Visanduku viwili tu. Cha kwanza: Atasafiri kama mtegemezi. Cha pili: Hatasafiri.

Nilisimama. Nikazunguka meza. Mtegemezi. Mimi, niliyewafunza watu elfu mbili kutetea hoja wakiwa wamesimama wima. Mimi, ambaye hata mkuu wa shule hunitegemea akitaka kutoa pole msibani.

Ufumbuzi nilioupata ni wa kiungwana. Nimetia alama kisanduku cha pili, kwa kuwa cha kwanza ni tusi, kisha nikaambatisha maelezo ya kurasa saba yanayofafanua kwamba nitasafiri, si kama mtegemezi bali kama Mshauri na Mlezi wa Safari ya Familia. Aya ya nne imenitoa machozi.

Jioni mke wangu aliuliza kama nimejaza sehemu yangu. Nikamwambia imejieleza vizuri.

Jumanne, 2 Aprili

Nimewasilisha barua ya kuacha kazi, mapema, ili wapate muda wa kuhuzunika. Mkuu wa shule aliuliza kama kibali kimeshatoka. Nilimjibu kwamba kibali ni suala la utaratibu, lakini uamuzi ni suala la utu. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani ni nukuu.

Ijumaa, 12 Aprili

Hafla ya kuniaga. Kwa kukosa mshereheshaji wa kiwango, nilijialika mwenyewe jukwaani, nikajitambulisha, nikajishukuru. Nilieleza jinsi mke wangu alivyonisihi na jinsi nilivyomwonea huruma. Yeye alikuwa safu ya mbele, sare ya kazi chini ya koti, akitazama saa ya ukutani. Mpishi wa shule alimuuliza, kwa sauti niliyoisikia hadi jukwaani, kama ni kweli alilia. Mke wangu akasema alilia, ila si kwa hilo.

Jumanne, 11 Juni

Bahasha ya ofisi ya vibali. Nilikusanya familia sebuleni, nikafungua kwa kisu, nikasoma kwa sauti.

Vibali viwili. Mke wangu. Binti yetu. Kuhusu mwenza, mstari mmoja: Kwa mujibu wa fomu, hatasafiri. Kurasa zangu saba zimerudishwa zikiwa bado zimebanwa kwa pini ile ile, na muhuri juu yake: Viambatisho visivyoombwa havisomwi.

Mke wangu aliichukua barua, akaisoma mara mbili. Akauliza nani alitia alama pale. Nikamweleza msingi wa jambo lenyewe, tofauti kati ya kutegemea na kuongoza. Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Machi. Kicheko kile hakikunipendeza, hasa kilivyokatika.

Binti akauliza kama Baba anakuja. Nilianza kwa kumweleza kwamba safari ni dhana pana. Akasema, Baba, ndiyo au hapana?

Mama mkwe akamwambia aende akachezee nje.

Alhamisi, 13 Juni

Hatua mpya: mke wangu akatae kibali kwa mshikamano. Nilimpata jikoni nikamwekea hoja tatu: heshima ya ndoa, umri wa mtoto, na ukweli kwamba sina tena kazi. Alizisikiliza zote akiwa anapiga sare pasi.

Kisha akasema, bila ukali, kwamba miezi mitatu nimemwambia kila mtu kuwa wazo hili ni lake. Mwanzoni aliliona kama nguo aliyovishwa. Sasa limemkaa mwilini. Kila akiingia chumba cha upasuaji huitazama taa kwanza, mgonjwa baadaye, na hataki kuzeeka akiitazama taa. Anakwenda.

Nikacheza karata yangu ya mwisho. Nikamkumbusha swali lake mwenyewe: Mama utamwachia nani?

Akaigeuza sare upande wa pili. Akasema hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, lakini tangu Jumanne limepata jibu.

Sikuwa na la kuongeza. Hali hiyo imenitokea mara moja tu kabla ya leo, nayo ilikuwa homa.

Jumamosi, 6 Julai

Uwanja wa ndege. Nilikuwa na hotuba fupi ya kurasa mbili mfukoni. Nilipofika kwenye salamu za utangulizi, foleni ilisogea. Mke wangu alinishika shavu, akasema dawa ya magoti ya Mama iko juu ya kabati, vidonge viwili baada ya kula. Binti aligeuka mara tatu, mara ya nne mlango ulikuwa umefungwa.

Hotuba niliimalizia mbele ya mama mmoja mfagiaji. Alisubiri hadi mwisho, akaniomba ninyanyue miguu.

Nyumbani kuna vikombe viwili tu vya kuosha. Shule wamenirudisha kwa vipindi vinne vya insha, mchana, darasa la nyuma. Makamu mpya hutoa hotuba za dakika tano. Watu wanamshangilia, bila shaka kwa kumwonea huruma.

Alhamisi, 12 Septemba

Mke wangu amefanya mpango. Amenitumia fomu ya kuungana na familia, ukurasa mmoja. Kila kitu amekijaza yeye. Kisanduku kimoja, Mtegemezi, ameshakitia alama kwa niaba yangu. Kinachotakiwa ni saini yangu, na fomu iifikie ofisi ya vibali kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo mlango unafungwa mwaka mzima. Alipiga simu kusema binti ameacha kuuliza ni lini. Alisema, nakuomba, Mwalimu, saini tu, usiongeze neno.

Ameniomba. Nimeandika tarehe.

Mama mkwe ana habari zote. Ameshapanga kuhamia kwa mdogo wake ili nisiwe na kisingizio. Virago vyake vimefungwa tangu asubuhi, viko mlangoni. Alinipa kalamu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, tia saini, mwanangu, mimi mtu mzima, sitakufa kwa kuhama mtaa.

Nilijifungia chumbani kwa saa tatu. Kosa la mara ya kwanza sasa naliona waziwazi: kurasa saba zilikuwa chache mno, na pini ilikuwa dhaifu. Nimelikata lile neno kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni cheo stahiki, na kuambatisha kurasa kumi na tisa, zilizoshonwa kwa uzi. Posta wamepokea saa kumi.

Niliporudi, Mama mkwe aliniuliza nimejaza nini. Nikamwambia imejieleza vizuri.

Kisha akavuta virago vyake, kimoja kimoja, hadi chumbani, na nikamsikia akitundika nguo kabatini.

Wazee hukata tamaa upesi.