Ansgar Mubashara na Ngoma ya Baba Mkwe

Alhamisi, 3 Julai 2025

Serafina ameondoka! Kaenda kwao Ushetu na nguo zake, sufuria kubwa na friza. Friza! Nani anaikimbia ndoa na friza juu ya pikapu? Mtaa mzima wa Ushirombo ulitoka kutazama. Hakuna aliyenipa hata pole.

Na kosa langu ni lipi? Nyumba yetu ina soketi moja tu inayofanya kazi. Nilichomoa friza yake kwa muda mfupi ili nichomeke mitambo ya Ansgar Mubashara, televisheni ya kwanza ya mtandaoni hapa Ushirombo. Barafu zake nyekundu za ubuyu zikayeyuka zote. Zilikuwa oda ya harusi. Akalia. Nikamfafanulia kwamba dunia ya leo hainunui barafu, inanunua maudhui. Ndipo akaanza kufungasha.

Siku hiyo nilikuwa narusha mnada wa ng'ombe, mwanzo hadi mwisho. Watazamaji wanne. Mmoja ni mimi, nahakiki picha.

Ijumaa, 4 Julai

Theonest! Huyu mtu anamiliki kibanda umiza pale karibu na stendi, mabenchi ya mbao na televisheni moja yenye ufa, halafu anajiona gwiji wa burudani. Leo, mbele ya watu wote kwa mama ntilie, kaniuliza kama kile kiduara kinachozunguka katikati ya picha zangu ndiyo nembo ya kampuni. Watu wamecheka mpaka chai ikamwagika. Mtandao ukiwa mzito nalaumiwa mimi? Mimi ndiye mnara?

Biashara hii ina changamoto ambazo Theonest hawezi hata kuziota. Rafiki yangu Meshack, anayechimba dhahabu huko Geita, kanipigia kunipongeza. Kasema kambini kwao wananitazama wote. Nikaangalia kwenye mitambo: simu moja. Kumbe wachimbaji ishirini wanabanana kwenye simu ya Meshack! Nikamwambia huo ni wizi wa maudhui. Akasema hapana, huo ni umoja.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda Ushetu kumfuata mke wangu. Nikapiga shikamoo kwa sauti ya mtu mwenye ndoa. Baba mkwe, Mzee Maige, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anakaza ngozi ya ngoma juani. Mama mkwe akakimbilia jikoni, maana kwa heshima yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hilo naliheshimu. Lakini Serafina naye akapita bila kunitazama, na yeye hana mila ya kusingizia!

Mzee Maige ni manju, yaani ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Wagika, mojawapo ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Kasema mambo ya ndoa tutayazungumza baada ya mashindano. Jumapili ijayo Wagika wanapambana na wapinzani wao wa jadi, Wagalu, kwenye uwanja wa mnada hapa hapa Ushirombo. Utaratibu kila mtu anaujua. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, huku moja, kule nyingine, na watu wanajiendea wanakopenda. Jua likizama, waamuzi wanaangalia ni upande gani umejaa. Ndio ulioshinda.

Mwaka jana Mzee alishindwa. Tangu hapo Wagalu wanamwimba kwa dhihaka, kwa jina, kwenye kila sherehe. Kasema akishindwa tena anaitundika ngoma ukutani na hataishusha. Kisha akatamka: kama mimi ni mkwe kweli, nilete watu. Nikileta watu, nitaondoka na mke wangu siku hiyo hiyo.

Watu tu? Nikamwahidi watu elfu moja. Akaiacha ngozi, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kisukuma: wabeja sana, mwanangu, wabeja. Nimerudi na pikipiki nikiimba njia nzima.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata! Nitairusha ngoma ya Wagika mubashara! Bure kabisa kwa siku hiyo. Nani hatatazama? Elfu moja ni ndogo.

Nimebuni na tangazo, nimelibandika kila nguzo: ANSGAR MUBASHARA. USISUMBUKE KWENDA, NGOMA INAKUJA KWAKO. Nimelisoma mara nyingi leo. Kila nikilisoma napata joto moyoni.

Alhamisi, 10 Julai

Siku tatu napita nyumba kwa nyumba kwa Wagika wote, nawawekea chaneli kwenye simu zao. Mapokezi makubwa! Mama Nelly, ambaye kila mwaka ndiye anaongoza vigelegele vya Wagika, alikuwa ameshakodi fuso la kuwaleta ndugu zake wote kutoka vijijini. Nikamwokoa. Nikamwambia vumbi lote lile la nini, na jua lile, wakati picha ya kwenye simu itakuwa safi kuliko ya mtu aliyesimama uwanjani nyuma ya mrefu? Kaliahirisha fuso papo hapo. Kanishukuru, kanipa na viazi vitamu.

Kwa Wagalu sijapita hata nyumba moja. Wao waende wakapigwe na jua. Sina huruma na washindani.

Jumamosi, 12 Julai

Siamini! Theonest kaja mwenyewe, kavua kofia, kaniomba radhi. Kasema kesho atafungua kibanda chake bure, ataonyesha matangazo yangu tangu mwanzo hadi jua kuzama, na chai na maandazi juu. Ila kwa Wagika tu. Nikamuuliza kwa nini Wagika tu, na yeye mwenyewe ni Mgalu wa kuzaliwa. Kajibu kwamba Wagalu wenzake bado hawajaelimika kiteknolojia.

Nimemsamehe. Tena nimemsaidia kubandika tangazo mlangoni. Mtu akikubali kwamba zama zake zimepita, inafaa apewe heshima yake. Kaniuliza kama maandazi mia mbili yatatosha. Nikamwambia aongeze.

Jumapili, 13 Julai

Naandika kwa hasira.

Mtandao haujawahi kuwa mzuri namna hii. Kiduara hakikutokea hata mara moja! Nilisimama na kamera mbele ya wachezaji wa Wagika, Mzee Maige kajifunga njuga, kavaa manyoya kichwani, anaimba kama ana miaka thelathini. Watazamaji mia nne. Mia saba. Walipofika elfu moja na zaidi nikapiga kelele peke yangu. Watu wakaandika maoni kutoka Geita, Kahama na Tinde. Hata mama mkwe, ambaye hajawahi kuniambia neno uso kwa uso, aliandika kutoka Ushetu: mkwe, geuza kamera tuone na watu.

Nikageuza.

Hakukuwa na watu. Mbuzi wawili, mzee mmoja kiziwi na mimi. Ng'ambo ya uwanja, kwa Wagalu, watu walisongamana hadi kwenye mazizi ya mnada. Na katikati yao, chini ya mwavuli, Serafina anauza barafu! Mke wangu wa ndoa ya kanisani! Nilipomwendea kumuuliza, akajibu kwamba yeye anauza walipo wateja.

Jua likazama. Waamuzi wakawapa Wagalu ushindi bila hata kusogea kutoka kwenye viti vyao. Hapo nilipandwa! Nikaenda na simu mpaka kwa mwamuzi mkuu, Mzee Mwigulu, nikamwonyesha. Watu elfu moja mia moja kumi na wawili, hao hapo! Wahesabiwe! Akavaa miwani, akaitazama simu, akaigeuza kuangalia nyuma yake, akanirudishia. Kasema vizuri sana, sasa wote hao watoke humo wasimame upande wao. Nikamwambia teknolojia haifanyi kazi hivyo. Akasema mashindano nayo hayafanyi kazi hivyo. Nikabishana naye mpaka giza likaingia, nikaita dhuluma, nikaita ushamba, nikaomba rufaa. Wakabeba viti vyao, wakaondoka.

Mzee Maige alikaa juu ya ngoma yake, njuga bado miguuni. Heri angenitukana tu.

Jumatatu, 14 Julai

Wagalu wameshatunga wimbo. Leo asubuhi mtaa mzima unauimba: mkwe wa Maige kawafungia watu kwenye simu, ukitaka Mgika mpigie, hapatikani. Hata padri nimemsikia akiuimba chinichini. Huo ndio ubunifu wao? Kumdhihaki mwekezaji?

Theonest kapita na baiskeli. Kasema jana kibanda kilijaa Wagika mpaka dirishani, na maandazi yaliisha. Kanishukuru kwa ushirikiano. Mama Nelly naye alikuwemo humo, kwenye benchi la mbele, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Vigelegele, ndani ya kibanda cha Theonest!

Meshack kapiga simu kutoka Geita, kauliza nani alishinda, maana bando liliwaishia kabla ya mwisho. Nimemkatia.

Alhamisi, 17 Julai

Mzee Maige kaniita Ushetu. Nilijua naenda kurudishwa mikono mitupu.

Ngoma haikuwa ukutani. Ilikuwa juani, inakazwa upya. Mzee kasema Wagika wameomba marudiano, yatafanyika Jumapili ya tarehe ishirini na saba. Kisha kaniuliza swali moja, taratibu sana. Ile televisheni yangu, inaweza kuwaonyesha Wagalu? Nikasema inaweza kumwonyesha yeyote. Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa. Basi, kasema, marudiano niwarushe Wagalu. Wagalu tu. Nipite nyumba kwa nyumba kwa mashabiki wao, niwabandikie na lile tangazo langu, bila kubadilisha hata neno.

Hiyo si dharau? Chaneli yangu iwatangaze waliotuimba?

Ndipo Serafina akaja akakaa karibu yangu. Kasema anarudi nyumbani. Kasema Jumapili aliniona nikigombana na waamuzi mpaka giza kwa ajili ya baba yake, na kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akimpigania baba yake namna ile, hata kama hoja zilikuwa za ovyo. Masharti ni mawili. Nifanye alivyosema Mzee, na nisiguse plagi ya friza hata kwa kidole.

Nimekubali yote mawili. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililia. Kwenye pikapu nilikaa nyuma, nimeikumbatia friza isigongwe.

Jumamosi, 19 Julai

Serafina yuko nyumbani. Friza imejaa. Kesho ni komunyo ya kwanza misheni, na masista wamemwagiza barafu za ubuyu za watoto wote. Kaziandaa siku mbili. Baada ya chakula cha mchana kaenda mazoezi ya kwaya, kaniachia nyumba, kanikumbusha masharti. Nimemhakikishia.

Nimebaki nafikiri. Niwarushe Wagalu? Mzee Maige ni manju mkubwa, nampenda, lakini biashara ya maudhui haijui. Kuwarusha Wagalu ni kuwatangaza bure mpaka Geita! Na Theonest atacheka. Hapana. Tatizo la Jumapili ile halikuwa kuwarusha Wagika. Tatizo ni kwamba niliwarusha kwa kamera moja. Safari hii ni kamera tatu, za karibu na za mbali, na Wagika wote wanaangalia kwa raha zao, hata wale wachache ambao safari iliyopita sikuwafikia. Nimeandika tangazo jipya: SAFARI HII USITOKE HATA KITANDANI. Mama Nelly nimeshampigia. Kafurahi sana, maana na yeye alikuwa anawaza habari ya fuso tena.

Mzee atakapoona watazamaji elfu tano atanielewa. Mzee Mwigulu naye nitamwandalia skrini kubwa.

Mitambo mipya imewaka vizuri. Nimeijaribu mchana kutwa na inapendeza. Kuhusu soketi sina wasiwasi, ni muda mfupi tu, na friza ni chombo cha kutunza baridi, ndiyo kazi yake.

Kitu kimoja tu kinanishangaza. Sakafuni kuna maji, yamefika mpaka hapa kwenye kiti changu, na yana rangi nyekundu. Jumatatu itabidi nimwite fundi aangalie paa. Ajabu kweli, mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Namsikia Serafina getini anaimba, acha nikampe habari njema za kamera tatu.