Matairi Yenye Meno na Mfereji wa Ukweni

Leo nimevuliwa nguo ukweni, jamani. (Koti ninalo, tulieni. Hilo tope juu yake nitalieleza.) Saidi, mwambie mwenye hoteli alete chai, halafu wewe ukae upande ule, maana najua utakuwa wa kwanza kucheka.

Mnajua nilikuwa nakwenda kijijini Akheri kumposa Naomi. Msichojua ni kwamba baba yake, Mzee Ndelilio, hakuwa na imani na mimi. Alimwambia mjomba wangu Yakobo, ambaye ndiye mshenga wangu, kwamba madereva ni watu wa kupita tu. Leo wako Moshi, kesho Babati, na mke anabaki kuhesabu magari barabarani. Kwa hiyo leo nilitakiwa nimwonyeshe mzee kuwa mimi ni mtu wa kutulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya siku nzima, kutulia tu.

Sasa tuje kwenye matairi ya gari langu, kwa sababu balaa lilianzia hapo. Yale ya zamani yalikuwa yameota upara, na mvua zimeshaanza. Juzi Saidi akanisindikiza dukani kwa Bwana Kanji. Tukawekewa aina tatu barazani. Ya kwanza yalikuwa laini, ya kutembelea hapa mjini. Ya pili yalikuwa na mikato ya kiasi, ya barabara za moramu na tope la kawaida. Ya tatu yalikuwa na meno makubwa, kama yale masetla wa Kizungu wa kule Usa wanayofunga kwenye magari yao ya shambani.

Saidi akasema, "Wewe kila siku uko kwenye moramu, tope unalikuta mara mojamoja. Chukua ya pili. Haya ya meno ya nini?"

Nikamjibu, "Sitaki kushuka garini kwa sababu ya tope. Nataka nishuke mlangoni kwa mkwe wangu."

(Bwana Kanji alikubaliana na mimi sana. Ya meno ndiyo ya bei kubwa.)

Basi leo asubuhi nimevaa koti, nimefunga tai, mjomba Yakobo kakaa mbele, pipa la pombe ya ndizi tumelifunga nyuma kwa kamba. Ile pombe ndiyo posa yenyewe. Ikipokelewa na kunywewa na wazee wa nyumba, maneno ya ndoa yameanza. Isipopokelewa, unarudi nayo na kila mtu njiani anaona pipa limejaa.

Kwenye lami matairi yakaanza kuvuma. Mjomba akachungulia juu dirishani, akatafuta ndege. Nikamwambia ni matairi. Akasema, "Yana hasira ya nini?"

Tulipoacha barabara ya Moshi pale Tengeru na kuanza kupanda, nikafurahi. Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa uji. Kwenye kona moja tukakuta lori limezama, watu wanasukuma, wamelowa mpaka magotini. Nikapita pembeni yao polepole, nikapiga honi, nikainua kofia. (Naomba mkumbuke hiyo kofia. Watu wale nimekutana nao tena.)

Mbele ya kanisa njia ya magari inaishia. Kutoka hapo ni kijia cha watu na mbuzi, katikati ya migomba na kahawa, mpaka kwa Mzee Ndelilio. Mjomba akafungua mlango. "Tushuke. Tutapata vijana wa kubeba pipa. Watu wa posa wanafika kwa miguu, nyumba iwaone wanavyokuja."

"Mjomba, matairi haya yanapanda hata ukuta."

"Sijakuuliza habari ya ukuta."

Nikaingiza gia. Na hapa nataka mnielewe, kwa sababu nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Mimi nabeba mahindi Kisongo mwaka wa ngapi sasa? Kule ni tambarare. Ukiona pamekauka unapita, ukiona pameharibika unazunguka, na hakuna mtu wa kukuuliza. Nimezoea kuona ardhi kama kitu cha kupita juu yake. Nimezaliwa Meru huku huku, nimechimba mfereji na baba yangu nikiwa mdogo, lakini nikiwa nyuma ya usukani nasahau kwamba kuna maji yanayotembea pembeni ya mlima na kuna watu wanaoyasubiri. Inanisikitisha, kusema kweli.

Basi mfereji wa maji ya mashamba ukatokea mbele yetu. Juu yake kulikuwa na magogo mawili ya kuvukia watu. Gari halipiti hapo. Nikaona sehemu ukingo umeinama kidogo, nikaelekea huko. Mjomba akashika dashibodi kwa mikono miwili. Magurudumu ya mbele yakavuka vizuri. Ya nyuma yakazunguka mara chache, yakatafuta pa kushika, meno yakashika. Gari likaruka kutoka mle kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikamwambia mjomba, "Umeona?" Mjomba alikuwa ametazama nyuma.

Nikateremka na gari hadi uani kwa Mzee Ndelilio na kusimama mlangoni kabisa, kama nilivyoahidi. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti na magogo wanatusubiri, mzee mwenyewe katikati. Nikashuka. Nikavuta koti. Nikainama, "Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee wangu."

Wazee wote wakasimama kwa pamoja.

Jamani, moyo ulijaa. Nikasema moyoni, kumbe nilijidharau bure, hawa wananiheshimu hivi? Nikawaambia, kwa unyenyekevu kabisa, "Kaeni tu, wazee wangu, msisimame kwa ajili yangu."

Mzee Ndelilio akasema, "Hatusimami kwa ajili yako. Tazama miguu yako."

Nikatazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye kamba za viatu. Mfereji mzima ulikuwa umenifuata kutoka kule juu, kwenye alama zangu mwenyewe za matairi, moja kwa moja mpaka uani. Kiti kimoja kilikuwa kimeshaanza kuelea. Maji hayakusimama hapo, yakakata kona kwenda jikoni. Tukasikia moto unazimika, shhh, kisha mama yake Naomi akatoka na mwiko mkononi. Chakula cha wageni kilikuwa bado jikoni.

Alinitazama tu, akatazama gari, akarudi ndani. Bora angenitukana.

Hapo mtu akapiga yowe la mfereji, na kila nyumba watu wakatoka na majembe. Hata wale wa lori wakafika, kwa miguu, na tope lao. Mmoja wao akainua kofia.

Msimamizi wa mfereji, mzee mfupi anaitwa Elia, akaja akauliza nani kabomoa. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Hapakuwa na haja, alama za meno zilikuwa zinaonekana mpaka kwenye gari. Akanipa jembe. "Leo maji ni zamu ya watu wa kule chini. Hutoki hapa kabla hayajawafikia." Kisha akaona pipa. "Na kumbe umekuja na pombe ya wachimbaji. Vizuri."

Mjomba Yakobo akasema haraka, "Hiyo ni ya posa, mzee mwenzangu."

"Posa ya nani? Sisi tumeitwa na yowe. Anayebomoa mfereji anawanywesha waliokuja kuuziba. Wewe ni Mmeru, au nimekosea?"

Hakukosea. Wakafungua pipa. Nikachimba na tai yangu shingoni, mbele ya wakwe, huku posa yangu inanywewa kama faini. Mzee Ndelilio naye alipewa kibuyu chake. Akanywa. Akasema imeiva vizuri.

Naomi alikuja na karai la mawe kichwani. (Siku hii nilikuwa nimepanga aniangalie kwa mbali, nimekaa na wazee, nimetulia.) Alilitua pembeni yangu, akaona ninavyorundika udongo unaochukuliwa na maji, akasema kwa sauti ya chini, "Mawe kwanza. Umesahau hata hilo?"

"Nimesahau mengi," nikamwambia. Na nilimaanisha.

Akapiga magoti akaanza kupanga mawe. Alikuwa anacheka, lakini mabega tu. Tukafanya kazi mpaka maji yakarudi njia yake. Mgongo uliniuma, ila nilipoyaona yanakwenda kimya kuelekea kwa watu wa chini, nilifurahi kuliko nilivyofurahia matairi.

Mwishowe nikaenda kumuaga Mzee Ndelilio. Nikamwambia naona haya, na kama amesema hapana nimeelewa.

Akasema, "Sijasema kitu. Posa sijaiona. Nimeona pombe ya mfereji, nimekunywa, imekwisha." Akatazama ule ukingo mpya. "Lakini dereva wa kupita tu angeacha jembe na kuondoka. Njoo Jumapili ijayo. Uje kwa miguu kutoka kanisani."

Ndiyo maana nimewaiteni, ndugu zangu. Pombe nyingine itatafutwa, lakini pipa lile ni zito na mlima mnaujua. Saidi, cheka umalize leo, Jumapili wewe utashika upande wa mbele.

Na kama kuna mtu anahitaji matairi manne yenye meno, nayauza. Ni mapya. Hayajakwama popote, na laiti yangekwama pale kanisani.