Jinsi Bingwa wa Sare Alivyojifunza Kumaliza

Zimeni redio, enyi wana wa nyaya na kibodi, sogezeni viti, kwani nasimulia habari za simba wa chumba cha nyuma, mtunzi wa programu ya kucheza sataranji, ambaye mahasimu wake wa ligi walimbandika jina la Bingwa wa Sare, na jina likamganda kama gundi.

Si kwamba programu yake ilikuwa dhaifu, la hasha! Iliteka malkia, ikafyeka askari, ikamsukuma mfalme wa adui pembeni, peke yake, hana wa kumlilia. Kisha, ushindi ukiwa puani, ikaanza kutembeza ngome yake kushoto, ikairudisha kulia, kushoto tena, kulia tena, hadi sheria ya mchezo ikachoka na kutangaza sare. Ikawa hivyo mechi baada ya mechi. Sasa imebaki moja tu, alasiri hii, na asiposhinda, ligi inamtupa nje.

"Huyo wako ana nini?" aliuliza dada yake, aliyekuwa akipiga pasi kwenye meza ile ile yenye kompyuta. "Anazungukazunguka kama mgeni anayeona haya kuulizia choo."

"Anauona ushindi, dada! Anauona waziwazi!"

"Si auchukue basi."

Shujaa akakunja uso, akaipekua programu yake mstari kwa mstari, kama jemadari akaguaye jeshi lenye msaliti. Msaliti hakuonekana.

Ndipo ikavuma kutoka jikoni sauti ya mama yake, sauti ambayo mbele yake majemadari huwa vifaranga.

"Wewe! Chakula!"

"Nakuja, mama!"

"Nakuja, nakuja, tangu mchana unakuja! Kwako wewe kuja sasa na kuja kesho ni sawa tu?"

Radi! Shujaa akaruka, waya wa pasi ukachomoka ukutani. Kwa programu yake, kushinda sasa na kushinda baadaye kulikuwa na alama zile zile. Iharakishe ya nini? Akainua kidole, kidole kitakachoimbwa, akaandika amri: kila hatua ya kuchelewa, alama moja ikatwe.

Mechi ikaanza. Malkia wa adui akaanguka. Mfalme akakimbilia pembeni. Dada, pasi baridi mkononi, akasogea kutazama. Ngome haikwenda kushoto. Haikwenda kulia. Ilishuka moja kwa moja, ikamaliza.

"Kumbe anaweza," dada akasema. "Haya, rudisha waya wangu."

"Wewe!" mama akaita.

Andikeni, enyi waandishi wa zama, kwa wino usiofutika: safari hii aliitwa mara moja, akaenda.