Wakazi Wapya wa Montefrolla

Halmashauri ya Montefrolla inautangazia ulimwengu kwa fahari: kijiji chetu, kilichobaki na vikongwe wachache na makaburi mengi, sasa kina wakazi elfu nne. Hapakuwa na harusi wala mimba. Ni uongozi bora tu.

Mimi ndiye katibu, nilishuhudia. Mkoa ulitaka kutuunganisha na Borgosecco, kule bondeni, kwa kuwa tumepungua. Meya Ubaldo, ambaye angepoteza kiti, alikuwa akitafuna kastanya, zile kokwa za milimani kwetu, akakuta buu la fukusi ndani.

"Katibu, huyu kazaliwa wapi?"

"Humo humo, Meya. Mama yake alitoboa kokwa kwa ile pua yake ndefu, akataga."

"Na babu yake?"

"Hapa hapa kijijini."

"Basi ni mwenyeji kuliko padri. Mwandikishe na ukoo wake."

Nikawaandikisha. Kwenye umri niliweka miaka arobaini kwa kila mmoja, kwa heshima. Mkoa, ambao husoma jumla tu, ukatupongeza.

Tatizo likawa Bibi Isolina. Kila vuli huloweka kastanya zake kwenye pipa hadi mabuu yafe, ndipo azikaushe na kusaga unga wa kumvusha baridi. Meya akalipiga pipa marufuku.

"Hayo ni mauaji ya wakazi, Bibi."

"We Ubaldo! Makamasi yako nimeyafuta mimi! Wakinimalizia kokwa nitakula nini, huo mshipi wako wa umeya?"

"Raia wana haki ya makazi."

Bibi akasonya. Kastanya zikaendelea kuliwa magunia kwa magunia, kwa mujibu wa sheria.

Ikafika Jumapili ya uchaguzi. Mgombea alikuwa Meya peke yake, na kwa mgombea wa peke yake sheria hudai nusu ya wakazi wapige kura. Watu walikuja wote, hata wa mikongojo. Fukusi hakuja hata mmoja. Uchaguzi ukabatilishwa, tukaamriwa kurudia.

"Wafute wote!" Meya akanifokea.

"Mkazi hafutwi, Meya, mpaka ahame au afariki."

Meya akateremka hadi kwa Bibi Isolina, mshipi wa rangi tatu kifuani, akakunja mikono ya shati na kuomba pipa. Nilisimama kando, tayari kuandika vifo. Akainua gunia la kwanza na kulimwaga kwa pupa.

"Taratibu, mwanangu," akasema Bibi Isolina. "Hao ni wapiga kura wako."