Dinamo na Arobaini ya Fundi Hatibu

Siku aliyozikwa Fundi Hatibu, magari yote yenye uhai mjini Tanga yalikuwa makaburini. Halikuwa jambo la ajabu. Kwa miaka mingi, gari likigoma kuwaka au betri yake ikilala bila sababu, lilisukumwa hadi uani kwa Hatibu kule Ngamiani, naye akalisikiliza kama mganga asikilizavyo kifua cha mtoto. Sasa fundi mwenyewe ndiye aliyelazwa. Wenye magari walisimama pale na huzuni ya kweli. Nusu ilikuwa ya marehemu, nusu ya magari yao.

Idarusi naye alihuzunika. Alitupa udongo kaburini kama wenzake na machozi yakamtoka, ya kutosha kuonekana. Kisha akageuka, akayaona magari yamejipanga chini ya mikorosho bila mtu hata mmoja, na machozi yakamkauka. Mji huu hauna fundi, aliwaza. Na ghala lisilo na paka, panya hupika pilau.

Idarusi hakuwa fundi. Aliwahi kuwa taniboi wa lori, kazi aliyoachishwa kwa sababu magunia ya machungwa ya Muheza yalikuwa yakikonda njiani. Lakini katika utaniboi huo alijifunza jambo moja, na mwenye jambo moja akilitumia vyema huwashinda wenye mia. Gari lina dinamo, kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuilisha betri. Ndani ya dinamo mna vipande vya makaa vinavyosugua shaba. Ukipenyeza karatasi ngumu kati ya kaa na shaba, umeme haupiti. Taa nyekundu inawaka mbele ya dereva, betri inaliwa bila kulishwa, na kesho yake gari linasukumwa.

Basi dua ilipoanza na mikono yote ikainuka, mikono ya Idarusi peke yake ilikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa amerarua pakiti ya sigara vipande vipande.

"Amina," aliitikia chini ya boneti ya kwanza.

"Amina," aliitikia chini ya boneti ya pili.

Inasemekana hakuna aliyeitikia dua ile kwa bidii kama yeye.

Wiki hiyo Tanga nzima ilisukuma magari. Matajiri waliovaa viatu vya ngozi walijifunza mji wao una vilima vingapi. Na kila palipokuwa na jasho, Idarusi alitokea, spana mkononi, uso umekunjamana kwa elimu. Alifunua boneti, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana. Dinamo imekufa."

Aliing'oa dinamo akaenda nayo kwake. Huko alichomoa karatasi, akaipaka dinamo rangi ya kijani, akamuuzia mwenye gari mwingine kuwa ni mpya, imetoka Mombasa jana kwa meli. Ya huyo mwingine nayo akaipaka rangi, akamletea huyu. Hivyo dinamo za Tanga zikahama kutoka gari hadi gari kama wapangaji, kila moja na kanzu ya kijani, na hakuna aliyetambua iliyokuwa yake.

Walakini mwizi hodari lazima awe na jibu, maana watu walianza kuuliza: vipi dinamo zote zife kwa mpigo?

"Nisingependa kusema," alijibu Idarusi, na akasema. "Marehemu, Mungu amsamehe, alikuwa akizifunga makusudi zife mapema, ili mrudi kwake. Mimi simlaumu. Kila mtu na riziki yake."

Neno hilo likasambaa kuliko harufu ya mbata za nazi. Zamani akitajwa Hatibu watu walisema, "Mungu amrehemu." Sasa wakawa wanasema, "Mungu amsamehe." Walilisema hata njiani, chini ya dirisha la nyumba ambamo Mwatumu, mjane wake, alikuwa amekaa eda, amevaa nguo nyeupe, hatoki wala haonekani na wanaume. Mwatumu hakuwa na mali ya kugombania. Mumewe alimwachia spana, ua wenye madoa ya oili, na jina jema. Sasa hilo jina lilikuwa likiibwa mchana kweupe, na yeye, kizuka aliye edani, hawezi kutoka nje kulikimbilia.

Siku ya arobaini ikafika. Ua ulijaa mikeka, khitma ikasomwa, sufuria za pilau zikatokota nyuma ya nyumba. Idarusi alikaa mbele kabisa, ndani ya kanzu mpya nyeupe iliyomfika vifundoni. Katika mfuko wa kanzu alibeba mavuno yake yote. Hakuweka kitu nyumbani, kwa kuwa hakumwamini mtu. Alijua vyema kwamba duniani wapo watu kama yeye.

Mara wakaingia wapwa wanne wa Mzee Haji, mfanyabiashara wa mbata, wanatweta, wamelisukuma gari la mjomba wao hadi mlangoni, naye akiwafuata nyuma. Mzee Haji mwenyewe alikuwa safarini Moa siku ya maziko, kwa hiyo gari lake lilikuwa limepona. Lakini jana yake lilikuwa limesimama nje ya msikiti, na Idarusi hakupenda kumbagua mtu.

"We Idarusi!" alifoka Mzee Haji. "Jana asubuhi uliniambia gari langu zima!"

"Lilikuwa zima, mzee wangu. Hata marehemu alikuwa mzima, na kesho yake tukamzika."

"Sitaki mawaidha, yamesomwa ya kutosha. Lifungue hapa hapa, pilau bado halijaiva."

Idarusi akatazama ua. Wenye magari wote walikuwapo. Fursa ya namna hiyo hata mfalme huilipia. Akaazima spana za Hatibu mwenyewe, akaing'oa dinamo, akaiweka juu ya kibao kirefu katikati ya watu. Aliifungua, akainamisha kichwa kama anayesoma kitabu kigumu, na kwa vidole viwili akachomoa karatasi, ikaingia mfukoni isionekane. Kwa tendo hilo dogo dinamo ikapona kabisa. Papo hapo tabibu wake akaitangazia kifo.

"Innalillahi. Imekufa. Kwa jinsi marehemu alivyoifunga, Mungu amsamehe..."

Pazia la mlango wa ndani likatikisika.

"Idarusi mwanangu."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Tangu siku ya msiba hakuna mwanamume aliyeisikia sauti ya Mwatumu.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Imekufa kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Haiwezi hata kugeuka?"

"Mama, tangu lini mfu akageuka?"

"Basi waambie hao waliokuja kumsomea mume wangu. Waambie kwa kiapo."

Idarusi alilitazama pazia. Hakujua mama huyu anakwenda wapi. Lakini aliona macho ya watu, na mfanyabiashara hamvunji moyo mteja.

"Wallahi, hii ikizunguka," alisema akijipigapiga kifuani, "kanzu yangu hii na aichukue anayeitaka!"

"Watu wamesikia. Shemeji Zebedayo, upo?"

"Nipo, shemeji," alijibu Zebedayo, dereva wa lori la shamba la mkonge, Mlutheri aliyekuwa rafiki wa Hatibu tangu ujana. Alikuwa amekaa kwa adabu pembeni, akisubiri pilau.

"Niletee betri ya lori lako. Unaikumbuka mashine ya nazi?"

Zebedayo akaanza kucheka kabla hajasimama.

"Marehemu alinihurumia kwa kukuna nazi," Mwatumu aliwaambia watu kutoka nyuma ya pazia. "Akaifunga mbuzi ya nazi kwenye dinamo. Nikamwambia, Hatibu, hii si huzungushwa na injini? Akasema, nzima ukiilisha betri huzunguka yenyewe, mbovu haitikisiki. Akaiunganisha. Nazi yote ikarukia darini. Doa lake lipo mpaka leo, ndilo ninalolitazama humu ndani."

"Nilikuwapo," alisema Zebedayo. "Tulikula wali mkavu."

Akaleta betri. Akaishika dinamo chini ya buti lake, akafunga waya mmoja kwenye mwili wa dinamo, na wa pili akaushika mkononi. Idarusi, ambaye jambo lake moja halikuwa hilo, aliinama juu ya dinamo akaipapasa kwa kejeli.

"Haya, mlisheni maiti!"

Zebedayo akagusisha waya.

Dinamo ikanguruma. Kipepeo kidogo cha mbele, kile cha kuipoza, kikazunguka, kikalidaka pindo la kanzu, kikalimeza. Kikameza zaidi. Idarusi akavutwa hadi pua yake ikakaribia chuma.

"Izime! Izime, itaniua!"

"Itakuuaje?" aliuliza Mzee Haji. "Si imekufa?"

Idarusi akainua mikono, akachomoka ndani ya kanzu kama ndizi itokavyo gandani, akabaki na fulana na msuli, akaruka ua wa makuti. Hata salamu ya kuaga hakutoa.

Zebedayo akautoa waya, wakaifungua kanzu kutoka kwenye dinamo. Mfukoni mkatoka mavuno yote, na pakiti ya sigara iliyoraruliwa, na kipande kimoja cha karatasi chenye alama nyeusi ya makaa. Zebedayo akakichukua, akawaeleza. Watu waligawana vilivyo vyao wakiwa wameinamisha vichwa, kwa maana kila mmoja alikumbuka neno alilolisema chini ya dirisha lile. Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga. Mara hii hata hesabu ilikubali.

Zebedayo akaizungusha dinamo mara nyingine wote waisikie, na alipotaka kuutoa waya, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Iache izunguke kidogo, shemeji."

Akaiacha. Pilau likapoa kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Idarusi hajaonekana tena Tanga. Eda ya Mwatumu imekwisha. Zebedayo huja siku za mapumziko kutazama magari uani, na rangi ya kijani imeanza kubanduka kwenye dinamo za mji. Na akitajwa Fundi Hatibu, watu husema Mungu amrehemu.