Mikaratusi Minne na Kisima cha Shangazi

Habari yenyewe ilitangazwa saa tatu asubuhi, kabla Redio hajamaliza kikombe cha kwanza. Tunamwita Redio kwa sababu anayo, na kwa sababu haizimi, wala yeye mwenyewe hazimi. Alikuwa ameibana sikioni kama mtu anayeumwa jino, mara akainua mkono kutunyamazisha.

"Wataalamu wamesema," akaanza.

"Ni wale wale waliosema mvua itanyesha Jumanne?" akauliza Kinyozi.

"Wale ni wa mawingu. Hawa ni wa miti. Wamesema mkaratusi ukipandwa penye maji, unayanywa. Mizizi inashuka chini, inanyonya usiku na mchana. Palipokuwa na kinamasi panakauka mpaka panakuwa uwanja wa mpira."

"Mti mmoja unakunywa kiasi gani?"

"Ndoo."

"Ndoo moja?"

"Ndoo arobaini," akasema Redio. Mimi nilikuwa karibu na ile redio na sikumsikia mtangazaji akitaja arobaini, lakini Redio hajawahi kutufikishia habari bila kuitia chumvi.

Spana, fundi bomba wetu, akaachia kete ya drafti aliyoishika. "Unatupiga kamba. Ndoo arobaini kwa siku ni bomba la nusu inchi lililopasuka. Mimi ningeshalisikia."

"Utalisikiaje na liko ndani ya mti?"

"Bomba ni bomba, kaka."

Ndipo mmoja mmoja tukaanza kutazama juu. Kijiwe chetu kiko katikati ya mikaratusi minne, minene, mirefu kupita nguzo za umeme. Majani yalikuwa yakipepea kwa raha zake, yamenawiri kuliko mtu yeyote pale. Kinyozi akasogeza kikombe chake mbali na shina.

Shangazi akatoka jikoni na ndoo, akaiweka katikati yetu, juu kabisa ya drafti. Shangazi ndiye anayetupikia kahawa. Ni shangazi wa kweli wa Kinyozi, sisi wengine tulijiunga tu. Amepika hapa miaka kumi na tisa, kwa maji ya kisima kilicho nyuma ya banda, kisima alichochimba marehemu mumewe kwa mikono yake. Na kijiwe kina sheria moja: anayeshindwa hoja anakwenda kuteka maji. Asubuhi ile nilishindwa mimi, Kiraka, fundi viatu, katika hoja ya kama kuku anamjua mwenye banda au anajifanya.

"Kiraka," akasema Shangazi, "waoneshe wenzako ulichoteka."

Niliinamisha ndoo. Tope, na chura mmoja. Chura mwenyewe alikuwa amekonda, akatutazama kama mgonjwa aliyefika zahanati akakuta kufuli.

"Hiyo kahawa mliyokunywa leo," akasema Shangazi, "ndiyo maji ya mwisho. Sasa nataka kujua. Hii miti ilipandwa na nani?"

Spana akakumbuka kuna mtu ana bomba linavuja. Kinyozi akaanza kupuliza mashine yake ya kunyolea, ambayo haikuwa na hata unywele mmoja. Redio akaongeza sauti. Ila hakuwa na pa kujificha, maana alikuwa ameivaa ile fulana. Imechakaa, kola imelegea, lakini maandishi bado yanasomeka mgongoni: PANDA MTI, OKOA DUNIA.

Niseme ukweli tu. Miaka minane iliyopita hapa palikuwa na kinamasi cha matete. Jioni vyura walipiga kelele mpaka Redio akawa hasikii taarifa ya habari, na mbu walimuuma Spana kila anapokaribia kushinda drafti. Wakaja watu na gari, wana miche na fulana za bure. Tukafyeka matete yote, tukapanda kila mtu mche wake, tukapiga picha. Shangazi peke yake alikataa. Alisema matete yale ndiyo yanayoshika maji ya kisima chake. Tukamwambia yeye ashughulike na birika, mambo ya mazingira atuachie sisi. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka masikioni.

"Shangazi, usiwe na presha," akasema Spana. "Hilo ni suala la kiufundi. Mti unakunywa sana kwa sababu hauna koki. Mimi natoboa kila shina, naweka koki ya shaba. Asubuhi unaufungulia dakika tano, unafunga. Ukileta ujeuri, natia kufuli."

"Na mti ukifa kiu?" nikauliza.

"Utakuwa umejifunza."

"Nyie hamuelewi," akasema Kinyozi. "Tatizo si miti. Tatizo ni upara. Mtu mwenye nywele ukimmwagia maji yanakaa kidogo, yanapenya. Mwenye upara yanateleza mpaka mgongoni. Hapa mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia barabarani, kwa sababu ardhi imenyolewa matete."

"Aliyenyoa nani?" nikauliza.

"Kuna panga liliazimwa."

"Lako."

"Mimi ni kinyozi, Kiraka. Niliambiwa nipunguze, nikapunguza."

"Ulipunguza mpaka chini."

"Wateja wengine hawajui kueleza wanataka staili gani."

Shangazi akagonga kifuniko cha birika, tukatulia. "Sitaki koki, sitaki staili. Nataka miti minne ikatwe leo. Shoka ninalo. Mkishindwa, kesho mimi sipo hapa."

Tukakubaliana wote, kwa sauti moja, tena Redio alipiga meza. Shida ilikuja tulipofika kwenye mti wa kuanza nao.

"Tuanze na wa Kinyozi," akasema Spana.

"Wangu? Wangu nimetundika kioo. Nikiukata, wateja watajitazama wapi? Halafu mti wangu haunywi. Utazame ulivyo mwembamba. Mlevi ni wa Spana, ona tumbo lile."

"Lile si tumbo, ule ni mwili wa kazi. Nimepigilia bango langu pale, watu wa mtaa mzima wananitafuta kwa bango hilo. Huo wa Redio ndio kiboko, umepita hadi paa la ghorofa."

"Wangu umebeba waya wa antena," akasema Redio, akilishika shina kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa kitu. "Mkiukata huu hamtajua hata kwamba miti inakunywa maji. Ukatwe wa Kiraka. Wa Kiraka hauna kazi."

Wote wakanigeukia.

"Wangu una kivuli," nikasema. "Mnakaa chini yake hapo mlipo."

Wakajitazama. Walikuwa kweli wamekaa chini yake.

Tukapiga kura kwa kete za drafti. Miti minne, kura nne, kila mti ukapata kura moja. Spana akasema lazima kuna wizi. Tukarudia mara tatu, na mara ya tatu kura zilikuwa tano ingawa sisi tulikuwa bado wanne. Redio akapendekeza tuunde kamati ndogo ya kuchunguza mti upi una kiu zaidi. Kinyozi akakubali kuwa mwenyekiti. Muda wote huo Shangazi alikuwa amesimama mlangoni ameshika shoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kulipokea. Nilimwona akilirudisha ndani taratibu. Moyo uliniuma, lakini nilikaa, kwa kuwa kivuli kilikuwa kizuri.

Kesho yake tulikuta banda tupu. Kaacha benchi, kaacha drafti, kaacha yule chura ndani ya ndoo, kamwekea na kijiko cha maji.

Tulimfuata. Alikuwa kahamia kwa dada yake, nyuma ya stoo ya magodoro, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyewahi kukijali. Kina matete yanayofika kifuani, ardhi inabonyea ukiikanyaga, na kisima chake unachota bila hata kuinama sana. Kahawa ilikuwa tayari. Akatumiminia, sisi nasi tukanywa tukiwa tumeinamisha vichwa. Dakika kumi nzima kijiwe kilikuwa na adabu.

Halafu jua likapanda. Halafu vyura wakaanza, asubuhi ile ile, kundi zima. Redio akabana redio yake sikio hili, akahamisha sikio lile, akaizima. Sijawahi kumwona akiizima. Akainuka, akaenda nyuma ya baiskeli yake, akarudi na kopo la rangi. Ndani ya kopo kulikuwa na mche.

"Wewe," nikasema, "hicho ni nini?"

"Kimoja tu, Kiraka. Hapa hapana kivuli. Na hawa vyura hawana nidhamu."

"Ni mkaratusi huo."

"Ni mdogo. Huu nitaulea mwenyewe, nitaufundisha kunywa kwa kiasi."

Spana akasema afadhali utiwe koki ungali mdogo. Kinyozi akauliza kama matete yale yanahitaji kupunguzwa kidogo pembeni, staili tu. Namwambia msomaji kwa aibu, hata mimi nilianza kupima kwa macho kivuli kingeangukia wapi.

Shangazi akaweka birika chini. Akamwendea Redio, akachukua kile kikombe chake ambacho alikuwa amekinywa nusu, akakimimina chote ndani ya kopo. Mche ukatoa mvuke, ukalala.

"Mwenzako kashakunywa kahawa yako," akasema. "Na wewe umeshindwa hoja. Ndoo hiyo, kateke."

Redio akaichukua ndoo, akageukia kisima kilichokuwa hatua tatu kutoka alipo.

"Siyo hicho," akasema Shangazi. "Kile cha kule kwenu. Usirudi mpaka ijae."

Redio alitutazama. Sisi tukatazama vikombe. Akaondoka na ndoo yake, fulana ile mgongoni, akavuka mbele ya stoo, akafika barabarani. Hapo akainua macho, akaona vilele vya mikaratusi yetu minne juu ya mapaa, akaitazama ndoo.

Kisha akarudi, akaweka ndoo chini mbele ya Shangazi, akaomba shoka.